Meno Yake Yangali Meupe

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, asiye na pupa na asiyechelewa.

Mkwe wangu Muhindo,

Salamu katika Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kinshasa, wewe na wote walio chini ya dari yako, pamoja na yule ambaye wazee wako bado hawajaniletea jina lake. Sisi wa Kamalondo tunaendelea kwa kadiri Mungu anavyopenda. Mama mkwe wako anasumbuliwa na magoti tangu baridi ianze, lakini misa ya asubuhi hajaikosa. Binti yako Numbi anakula. Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa katika ujumbe wako hukuliuliza.

Ujumbe wako umefika. Gauni jeupe limefika, na viatu vyake, na kikapu kidogo chenye maua ya plastiki. Tiketi ya ndege nayo imefika. Dada yako amenipigia simu kusema kwamba atampitia mtoto na kumpeleka uwanja wa ndege wa Luano, ili awahi siku ya ndoa yako na kutembea mbele ya bibi harusi akirusha maua. Vyote nimeviweka juu ya kabati, katika mfuko wake, kama vilivyokuja. Nimechelewa kujibu kwa sababu mtu wa umri wangu hapaswi kuandika barua ya namna hii akiwa na hasira, nami nilingoja hasira ipoe. Haikupoa. Basi naandika nayo.

Wakumbuka safari ya Lukafu? Ulikuwa mwaka wenu wa kwanza wa ndoa. Lori lako lilikwenda kupakia mahindi, na Feza binti yangu akapanda pamoja nawe, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa na yeye, mwalimu wa biolojia, hakujua kukaa bure. Shambani mlimkuta mkulima mmoja akichoma majani. Aliona ardhini tundu lililozungushiwa utando mweupe, akaenda kuchukua petroli. Wewe mwenyewe ulitusimulia haya mezani kwetu, ukiigiza sauti za wote. Ulisema Feza aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama vizuri, akipiga kelele:

"Papa, usichome! Mule muko mwenyewe!"

"Mwenyewe gani, madame? Mule muko buloji."

"Sasa kama iko buloji, petroli yako itaiweza?"

Mkulima, aliyedhani ni uchawi, akaiweka petroli chini. Wewe ukaazima jembe, ukachimba polepole, na kutoka humo akatoka yule buibui mkubwa mwenye manyoya, mpana kama kiganja cha mwanamume, ambaye walimu wetu wa Kifaransa walimwita migale. Mkamtia katika ndoo ya rangi, mkaifunika. Njia yote ya kurudi ndoo ile ilikaa katikati ya magoti yako, na mkono wako ulikuwa kwenye mlango, tayari kuruka lori likiwa mwendoni. Dereva wako alikutania: "Patron, mapenzi iko nguvu kupita woga!" Mama mkwe wako alicheka huku amejifunika uso kwa kitambaa, maana kwetu mama mkwe hamchekei mkwewe waziwazi. Jioni ile nilijisemea moyoni kwamba mwanamume anayempakata mnyama anayemwogopa kwa ajili ya mke wake, huyo ni mume. Sikukosea. Ndiyo maana ninachokuandikia leo kina uchungu.

Feza alimjengea kisanduku cha kioo sebuleni mwa nyumba yenu ya mtaa wa Golf, akamtilia udongo na gome la mti, akamwita Sista. Alisema anaishi katika chumba kilichofungwa, hajipambi, na anafunga chakula kuliko sisi sote. Mimi, niliyelelewa na mapadre katika seminari ndogo, sikulipenda jina hilo mwanzoni. Baadaye nililizoea. Niliwahi kuwafahamu watawa wasio na subira kama yake.

Wakumbuka pia siku alipojivua ngozi kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumewatembelea. Tulimkuta amelala chali, miguu yote minane juu, na mama mkwe wako akafanya ishara ya msalaba.

"Feza, mwanangu, nyama yako imekufa."

"Haikufe, mama. Iko natosha nguo ya zamani."

Tulikaa pale kama watu walio mbele ya altare. Ngozi ilipasuka mgongoni, naye akajichomoa taratibu, mguu baada ya mguu, hadi pakawa na buibui wawili, mmoja mtupu na mmoja mpya. Yule mpya alikuwa laini, amepauka, hana nguvu ya kusimama. Mama mkwe wako, mwanamke wa kwetu, ambaye hajapata kumwona mzazi au mgonjwa bila kukimbilia jikoni, aliuliza mara moja atapewa nini. Feza akamzuia. Nawe ulikuwepo, umesimama nyuma ya kiti chake.

"Mama, angalia meno yake. Iko mweupe sawa maziwa. Hii saa haiwezi kuuma hata mukate. Ukimutilia nyenje leo, haina yeye njo atakula nyenje. Nyenje njo itamukula yeye."

"Sasa atalala njaa mupaka lini?"

"Ungoye meno ikuwe nyekundu, kisha mweusi kabisa. Njo unamupa chakula. Mbele ya ile, maji tu."

"Maji tu!"

"Si hata weye unafungaka Kwaresima?"

"Mimi ninakunywaka chai!"

Tulicheka sote. Wewe ndiwe uliyeleta maji, ukayamimina katika kifuniko cha chupa, ukakiingiza kisandukuni kwa ncha za vidole, ukiwa umefumba jicho moja. Tangu siku hiyo kila alipojivua ngozi ulinipigia simu: "Papa, bado mweupe." Kisha, siku nyingine: "Papa, imeanza nyekundu." Na mwishowe: "Papa, Sista amekula!" Mzee mwenzangu pale parokiani aliwahi kusikia simu hizo akaniuliza nina ndugu gani mgonjwa.

Nayakumbusha haya ili usiniambie kwamba hukujua. Na kungoja ulikujua tangu kabla ya hapo. Ulipokuja kumposa Feza ulikuwa umekulia katika kanisa jingine la Kikristo, nami nilikuambia ukae kwanza na wakatekumeni ninaowafundisha dini parokiani. Wewe, mfanyabiashara wa jumla ambaye malori yako yalikuwa yakivuka mikoa, ulikaa kwenye benchi ya chini kati ya vijana, magoti yakigusa kidevu, ukajibu maswali ya katekisimu kama mtoto. Hukulalamika hata Jumapili moja. Niliwaambia wazee wa ukoo: mumpe binti, huyu anajua kungoja. Neno hilo bado linakumbukwa hapa, nami ninaulizwa.

Kisha mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, homa ikamchukua Feza, akamwacha Numbi.

Sitaandika juu ya siku zile. Ulikuwepo. Lakini juu ya mama yako nitaandika, maana aliheshimu kilio chetu. Alitoka Butembo, mwanamke mzee, akalala juu ya mkeka pamoja na wanawake wetu, akala walichokula. Siku alipokuona ukihesabu mapazia ya kushushwa na vitanda vya kuuzwa, alikuambia mbele yangu: "Mwana wangu, unakimbia wapi? Udongo ya muke yako ingali mubichi." Ulimjibu kwamba kazi haingoji. Akarudi kwenye mkeka wake. Na mimi nikakuachia, kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kusema.

Ulikimbia kweli. Nguo za Feza uliwagawia watu tusiowajua. Nyumba ya Golf uliipangisha. Picha zake uliziondoa ukutani, ukisema, "Mutoto akiziona atalia." Mkwe wangu, mtoto aliyefiwa na mama yake alie wapi basi, kama si mbele ya picha ya mama yake? Ulimleta Numbi kwetu juu ya lori, pamoja na godoro lake na kile kisanduku cha kioo, ukaenda Kinshasa kufungua duka. Ulisema ni kwa muda mfupi. Tulimpokea kwa furaha, maana amebeba jina la mama yangu, na hata leo ninapomwita namwita Mama.

Hukuyaona yaliyofuata. Mtoto hakulia. Hakusema. Alitia tonge mdomoni, akaligeuza upande huu na ule, akalitema. Majirani walikuja kila mmoja na ushauri wake. Huyu alisema tumpeleke kwenye maombi, yule alisema tumnunulie televisheni kubwa. Mama mkwe wako alimpikia ugali wa bukari wa muhogo, wa mahindi, kisamvu cha sombe chenye karanga, samaki wa ziwa Bangweulu, na sahani zilirudi zilivyokwenda. Mtoto alikaa tu mbele ya Sista. Na Sista naye, Kwaresima ilipoanza, akakataa nyenje. Wawili hao walifunga pamoja, nami nilipita nikiwatazama na kusali.

Alhamisi Kuu, tuliporudi kutoka kanisani, Sista alikuwa amelala chali. Numbi alinishika mkono. Akasema, kwa sauti ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau:

"Nkambo, usiogope. Haikufe. Iko natosha nguo."

Akanieleza yote. Meno meupe, meno mekundu, meno meusi. Maji tu. Akazungumza kama mama yake, kwa maneno ya mama yake, kidole chake kikiwa juu ya kioo. Mimi babu yake nilijifanya sijui lolote, nikauliza maswali ya kijinga ili asiache. "Na tukimupa kipande ya kuku?" "Nkambo! Weye hauna na masikio?" Jioni ile aliomba bukari mwenyewe. Akala. Mama mkwe wako alikwenda nyuma ya nyumba kulia, mtoto asije akamwona.

Ndipo ukaja wewe, Jumapili ya Pasaka.

Ulifika tukiwa tumetoka misani, nyumba imejaa wajomba na shangazi. Ulikuja na keki, na vinywaji, na mwanasesere mkubwa kuliko Numbi mwenyewe. Na mkononi ulikuwa na chupa ya plastiki, ndani yake nyenje wakubwa wakirukaruka, waliokamatwa na dereva wako njiani. Ulifurahi. Sikatai kwamba ulifurahi. Ulisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Leo Pasaka! Hakuna muntu ya kufunga, hata Sista!"

Watu wakapiga makofi. Nani angekataa? Nyumba ya Kikristo, siku ya Ufufuko, na kiumbe kimoja tu ndani yake hakijala. Numbi akasimama mbele ya kioo, mikono ameitandaza.

"Papa, hapana! Meno yake bado mweupe. Mama alisema tungoye."

"Mama yako iko kwa Mungu, iko nakula karamu. Sista naye akule."

Mimi nikasema: "Buko, mutoto amesema." Buko, ndivyo tunavyomwita mkwe, na hatumwiti hivyo mbele za watu kwa mzaha. Nawe, mwanafunzi wangu wa katekisimu, ukanijibu ukicheka: "Papa, weye njo ulitufundisha. Bwana alipomufufua ule mutoto mwanamuke, alisema nini? Bamupe chakula!" Wajomba wakacheka. Mmoja akasema, "Mwalimu leo amekamatwa na mwanafunzi!" Ukamwinua mtoto kwa mkono mmoja, ukafungua kifuniko, ukamwaga chupa nzima. Kisha tukaitwa mezani.

Tuliporudi, nyenje walikuwa wameshiba.

Walikuwa wamemla miguu na ubavu, angali hai kidogo, laini kama mkate uliolowa. Hakuwa na jino la kujitetea. Numbi alipiga magoti mbele ya kioo. Na wewe, mkwe wangu, ulifanya nini? Uliinama, ukaiona ile ngozi ya zamani imesimama katika pembe, miguu minane kamili, ukasema kwa furaha: "Si huyu hapa? Angalia, iko tu muzima!"

"Papa," akasema Numbi, "ile ni nguo yake."

Hilo ndilo neno la mwisho alilokuambia. Umepiga simu mara nyingi, nami nimempa simu mara nyingi, na umesikia pumzi yake tu. Ulipoondoka siku ile ulisimama mlangoni ukaniambia: "Papa, haina neno, nitamutafutia ingine." Nilifikiri unasema juu ya buibui. Sasa nimeliona gauni jeupe, nimeelewa kwamba hiyo ndiyo njia yako katika mambo yote.

Nina jibu ambalo sikukupa Pasaka, kwa kuwa mwalimu hashindani na mwanafunzi wake mbele ya chakula. Ni kweli, Bwana aliamuru yule binti apewe chakula. Lakini asubuhi ya kufufuka kwake mwenyewe, bustanini, alipomwona mwanamke aliyekuwa akimlilia, alimwambia asimshike, maana wakati wake ulikuwa haujatimia. Mwanamke yule alimpenda kuliko wewe unavyompenda mtoto wako, na akarudisha mkono. Hakuuliza sababu. Mambo hayo mawili niliwafundisha katika mwezi mmoja, ukiwa kwenye benchi ile. Ulilichukua moja, lile lenye karamu.

Wala sikukatazi kuoa. Kanisa halikukatazi, na mimi ni nani? Lakini unajua kwamba kwetu aliyefiwa na mke hajifungui mwenyewe. Ndugu za marehemu ndio wanaokaa naye, wanamlilia mtu wao mara ya mwisho, wanamwosha mikono, wanamwambia: nenda, uko huru. Hukuja kukaa. Umetuma mfuko. Na kama desturi yetu si yako, basi mama yako naye, ambaye ni wa kwenu, alikuambia lile lile kwa lugha yake, na hukumsikia.

Wataniambia kwamba mtoto ni wa baba yake. Ni wako, sibishani. Ndiyo maana sikuamua peke yangu. Dada yako alipokata simu nilimwita Numbi, nikaushusha mfuko, nikatandaza gauni juu ya kitanda na viatu chini yake. Nikamwambia pasipo kuongeza wala kupunguza: "Mama, baba yako anaoa. Anakuita utembee mbele ya bibi harusi. Ukitaka kwenda, nitakupeleka Luano mimi mwenyewe, na nitakushika mkono hadi mlango wa ndege."

Alinyoosha kidole, akagusa ukosi wa gauni, akakirudisha. Kisha akanikaribia, akafungua mdomo wake wote, akavuta midomo kwa vidole viwili ili nione vizuri. Katikati pana pengo, jino la utoto limeanguka juzi.

"Nkambo, angalia."

Nikavaa miwani, nikaangalia.

"Iko bado mweupe," akasema.

Nililikunja gauni, nikalirudisha mfukoni.

Basi hilo ndilo jibu la ujumbe wako. Hatakuja. Dada yako asijisumbue na gari. Vitu vyako vitarudi kwa mikono ya mtu mwaminifu, navyo havijavaliwa. Utasema kwamba meno ya mwanadamu hayageuki kuwa meusi, kwamba mtoto amesema neno lisilo na mwisho, na mzee amelikubali kwa ukaidi. Nami nakujibu kwamba alama ya mtoto huyu siijui. Haionekani kutoka Kinshasa, na hata mimi niliye karibu ninaikisia tu. Atakayeijua ni yule atakayekaa mbele yake siku nyingi, kama ulivyokuwa ukikaa mbele ya kioo pale Golf, ukaangalia, ukatoka bila kutia kitu. Ukiweza hilo, njoo. Usije na keki. Usije na mwanasesere, wala tiketi, wala mama mwingine. Mkeka upo, na benchi ile ya chini ipo bado parokiani, nimeiulizia. Utakapofika, nina hakika mtoto atakutazama mikono kwanza. Iwe mitupu, au iwe na maji.

Ngozi ya Sista ameihifadhi katika kisanduku kile kile. Haigusi. Kila Jumamosi anabadilisha maji katika kifuniko cha chupa, na tumemwacha.

Sasa napiga magoti kabla ya kufunga bahasha, kwa kuwa sitaki ifike kwako na uchungu wangu peke yake. Mwenyezi Mungu, aliyemngoja Adamu aitike, akungoje na wewe. Akubariki katika kuingia na kutoka kwako, ailinde nyumba yako mpya na moto na ugomvi, ampe yule mwanamke ambaye hajanikosea neno moyo mpana kuliko haraka yako. Ambariki mama yako kwa kila usiku aliolala juu ya mkeka wetu. Na kila atakayeisoma barua hii pamoja nawe, aliyefiwa na aliyeoa, Mungu amjalie chakula kwa wakati wake, na kabla ya wakati huo, maji.

Mimi baba mkwe wako,
baba yake Feza,
Kamalondo, Lubumbashi.